Kifaru cha kati ni kifaru cha namna gani?

Wengi wakisikia "kifaru cha kati" hudhani ni suala la mizani tu: kuna kizito, kuna chepesi, na hiki kipo katikati. Lakini mizani inapotosha. Sherman ya Wamarekani, iliyopigana Vita Vikuu vya Pili ikiitwa kifaru cha kati, ilikuwa na tani 30 hivi. Mark IV ya Waingereza, ambayo mwaka 1917, katika Vita Vikuu vya Kwanza, ilihesabiwa kuwa kifaru kizito, ilikuwa na tani 28.

Kinachotofautisha ni kazi. Kifaru kizito kilitengenezwa kuvunja ngome: kikanyage seng'enge, kivuke handaki, kiwafungulie njia askari wa miguu. Cha kati kilitakiwa kupenya njia ikishafunguka, kisonge mbele na kuvuruga mizinga na misafara ya adui kabla hajajipanga upya. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya askari wa farasi, ila bunduki chache za rashasha sasa zilitosha kufyeka kikosi kizima, farasi na wapandaji wao.

Kifaru cha kwanza kuundwa kwa kazi hiyo ni Medium Mark A cha Uingereza. Kilibuniwa na William Tritton wa kiwanda cha Foster mjini Lincoln, mmoja wa wale waliounda vifaru vya mwanzo kabisa. Askari walikiita Whippet, jina la mbwa mwembamba wa mashindano ya mbio. Mbio zenyewe tusizitie chumvi: kilomita 13 kwa saa. Lakini Mark IV ilijikokota kwa 6, kwa hiyo aliyekipa jina hilo hakuwa anatania sana. Kilikuwa na tani 14, watu watatu na rashasha nne za Hotchkiss, bila mzinga. Cha majaribio kilikuwa na kibanda cha bunduki kinachozunguka, kilichotolewa kwenye gari la deraya la Austin. Vilivyoingia vitani vilipewa chumba cha chuma kisichozunguka, na mpigaji alilazimika kuhama kutoka tundu hadi tundu kumfuata adui.

Kukiendesha ndiyo ilikuwa shughuli. Kilikuwa na injini mbili za Tylor, za aina iliyotumika kwenye mabasi ya London, kila moja na giaboksi yake na mnyororo wake wa chuma wa kutembelea. Ukitaka kukata kulia, unaipunguzia mafuta injini ya kulia na kuiongezea ya kushoto. Usukani ulisaidia kugawa mafuta hayo, lakini kona ikiwa kali injini moja ilizimika, na kifaru kikabaki kimesimama mbele ya adui. Springi hazikuwepo kabisa, kila shimo mliisikia mgongoni.

Whippet ziliingia vitani kaskazini mwa Ufaransa mwezi Machi 1918, wakati Wajerumani wakiwasukuma Waingereza nyuma. Tarehe 24 Aprili, karibu na kijiji cha Cachy, Whippet saba ziliwafumania askari wa miguu wa Kijerumani mahali pa wazi, zikawapitia kwa risasi na minyororo.

Mtihani wenyewe ulikuja Amiens, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, 8 Agosti 1918. Whippet 96 ziliwekwa chini ya jeshi la farasi, na hapo ndipo mpango ulipoharibika. Penye uwanda mtulivu farasi waliviacha vifaru nyuma. Rashasha zikilia, farasi walijificha na vifaru vikaendelea peke yao. Kwa maoni yangu lawama si ya gari. Ni ya waliolifunga kwa farasi, waliyemjua kwa mazoea.

Uthibitisho ni Whippet moja iliyopotezana na wenzake siku hiyo, iliyopewa jina la Musical Box, ya Luteni Arnold, ikiwa na Ribbans kwenye bunduki na Carney kwenye usukani. Kwanza ilizunguka nyuma ya mizinga ya Wajerumani iliyokuwa ikiteketeza vifaru vya Waingereza, ikawafurusha wapigaji wake. Kisha ikaingia ndani ya eneo la adui na kushinda huko hadi alasiri, ikishambulia kambi na misafara iliyokuwa ikikimbia. Juu ya paa ilibeba madebe ya petroli ya akiba. Risasi zikayatoboa, petroli ikachuruzika ndani, na wale watatu wakawa wanapumua kupitia vifaa vyao vya kujikinga na gesi ya sumu. Mwishowe ikapigwa ikashika moto. Carney aliuawa walipokuwa wakitoka. Arnold na Ribbans wakatekwa.

Kifaru kimoja, bila farasi wala amri kutoka nyuma, kilifanya kile ambacho kundi zima lilitumwa kufanya likashindwa.

Baada ya vita Whippet zilitawanyika. Baadhi zilipelekwa Ireland, nyingine Urusi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, chache zikanunuliwa na Japani. Moja ilifika Afrika Kusini, na mwaka 1922 serikali ikaitoa dhidi ya wachimba migodi wazungu walioasi huko Rand, eneo la migodi ya dhahabu la Johannesburg. Ipo mpaka leo, Pretoria.