Kliniki za sheria vyuoni: mama mjane, njoo kabla hujaweka dole gumba

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewaleta mezani kwetu, kwenye kliniki za sheria ambako wanafunzi wa sheria wa vyuo vikuu husaidia wananchi bure chini ya walimu wao, watu ambao zamani wangeishia kulalamika barazani. Tunashukuru sana. Pamoja nao yamekuja malalamiko: kwamba kliniki za vyuo vikuu zinachelewesha mambo, kwamba wananchi wanafanyiwa majaribio na wanafunzi, na kwamba kuna watu waliotozwa hela na mtu aliyejitambulisha kuwa ametoka chuoni. Yanastahili majibu, hasa kwa wajane na akina mama wanaolea watoto peke yao, maana ndio wanaotutegemea zaidi.

Kliniki haitozi hela. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017, mtoa msaada anatakiwa awe amesajiliwa. Msaidizi wa kisheria aliyeko mtaani kwako naye hapaswi kukutoza ada, wala kusimama mahakamani kama wakili wako. Anayekwambia utoe chochote ili faili lisogee ni kishoka. Mwombe cheti cha usajili, na akianza kuzungusha maneno, ondoka. Kuhusu wanafunzi, wao husikiliza, huandika maelezo na kuandaa rasimu, kisha mwalimu ambaye ni wakili huipitia kabla haijatoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hakuna anayejaribiwa.

Kinachotuumiza ni mirathi. Mama anafika na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, juu imeandikwa MUHTASARI WA KIKAO CHA UKOO. Majina ni mengi, mwandiko ni mmoja. Chini kabisa lipo dole gumba lake, wino wa bluu umetapakaa, na pembeni muhuri wa mtaa. Ukimuuliza kama alisomewa, anajibu, "Shemeji alisema ni ya kufuatilia mafao ya marehemu." Karatasi hiyo ndiyo iliyompendekeza shemeji kuwa msimamizi wa mirathi.

Tumelisema hili mara nyingi na bado halisikiki: msimamizi wa mirathi hawi mrithi kwa sababu tu ya usimamizi wake. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa wanaostahili. Katika Mahakama ya Mwanzo maombi hujazwa kwenye Fomu Na. I, yakiambatana na cheti cha kifo. Muhtasari wa kikao mahakama huutazama kama pendekezo la familia. Kikao cha ukoo hakiteui msimamizi, anayeteua ni mahakama. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akishapewa hati ya usimamizi na mahakama, ana miezi minne kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, na hesabu za mali hizo huja kwa Fomu Na. VI. Akikaa kimya, mrithi ana haki ya kurudi katika mahakama hiyohiyo na kuomba aitwe ajieleze, au hati yake itenguliwe. Mashauri mengine ya mirathi huanzia Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, na huko taratibu ni tofauti, kwa hiyo usimwige jirani kabla hujauliza.

Wenyeviti wa mitaa ni washirika wetu, na bila wao tusingeifikia hata nusu ya familia hizi. Tunawaomba wasigonge muhuri kwenye muhtasari wa kikao ambacho hawana uhakika kama kilifanyika. Kughushi nyaraka ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Kughushi wosia au hati ya ardhi kunaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha.

Kwa matunzo ya mtoto, wengi hudhani lazima kwanza waachane kwa talaka, au wawe wamefunga ndoa. Haitakiwi hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Anayekiuka wajibu huo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yako. Taarifa yake kuhusu hali ya familia ina uzito mahakamani, na akina baba wengi hukubali kutoa matunzo wakiwa bado kwenye ofisi hiyo.

Ukija kliniki, njoo na cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa kama kipo, na karatasi yoyote uliyotakiwa kuisaini, hata ile unayoionea aibu. Ikiwa hati ya usimamizi imeshatoka, leta nakala yake pamoja na namba ya shauri, kwa sababu bila namba hiyo kulipata jalada masjala ni kazi ya siku nyingi.