"Huelo a gas" haina maana unayoidhani

Hili limenichosha, tuliweke sawa. Mwanafunzi wa Kihispania anasikia harufu ya gesi jikoni, anasema "huelo a gas". Kisarufi hakuna kosa, ila ametangaza kwamba yeye mwenyewe ananuka gesi. Ukimsahihisha anakujibu kuwa "oler", kitenzi kinachozaa "huelo", ni kunusa, kamusi imesema, na hiyo "a" ni kikolezo tu. Si kikolezo. Maana yote imekaa hapo.

"Huelo gas", bila "a": pua yangu imenasa harufu. "Huelo a gas": harufu inatoka mwilini mwangu. "Huele a gas", nafsi ya tatu umoja, bila mtenda yeyote: humu kunanuka gesi. Hii ya tatu ndiyo ya kusema unapokimbilia kufunga mtungi. Ukiongeza "me", pua inaweza isihusike tena: "me huele a mentira", nashuku huu ni uongo. Sisi tuna kunusa, kunuka na kunukia. Kwao "oler" peke yake yaweza kubeba zote tatu, kazi inagawanywa na muundo. Ndiyo maana hata uzuri wa harufu kwa kawaida hutajwa: "huele bien", "huele mal".

Penye ugumu wa kweli ni hapa, na vitabu vingi vya wanaoanza hupapita kimya. Kihispania huweka "a" pia mbele ya mtendwa aliye mtu. Kwa hiyo "el perro huele a su dueño" ina maana mbili, zote halali: mbwa anamnusa mmiliki wake, au mbwa ana harufu ya mmiliki wake. Muktadha ndio utakaoamua. Usipotosha, tumia kiwakilishi: "lo huele" ni kumnusa, "huele a él" ni kuwa na harufu yake. Zoea kuzitamka hizi mbili pamoja mpaka sikio lishtuke ukikosea.

"Saber" ya ladha haina mtego huo kwa kuwa haionji. Anayeonja hutumia "probar". "La sopa sabe a limón", supu ina ladha ya limau. "Me sabe mal" yaweza kuwa chakula kibaya mdomoni, au jambo lililonikaa vibaya moyoni. "Ver" (kuona) na "mirar" (kutazama) siziingii, kila kitabu kinazo.

"La oí cantar": nilimsikia kwa masikio yangu akiimba. "Oí que cantaba": huenda nilimsikia, huenda nimeambiwa tu. Vivyo hivyo "veo que Juan ha salido", naona Juan ametoka, inafaa hata kama Juan mwenyewe sikumwona, nimeona tu viatu vyake havipo mlangoni. Halafu kuna ile kanuni kwamba "lo vi cruzar la calle" ni kumwona akivuka hadi ng'ambo, na "lo vi cruzando la calle" ni kumkuta katikati ya kuvuka. Kwa kuvuka, sawa. Sasa weka "dormir" (kulala): "lo vi dormir", "lo vi durmiendo". Usingizi hauna ng'ambo ya kufika, na tofauti inafifia karibu yote. Siwezi kukupa kanuni safi hapo, na simwamini anayedai anayo.

Mwisho "sentir", ambako herufi moja inageuza kila kitu. "Siento que estás enfadado": nahisi umekasirika. "Siento que estés enfadado": nasikitika kwamba umekasirika. Subjuntivo, yaani umbo la kitenzi kama hilo "estés" badala ya "estás", ndiyo inayoleta masikitiko. Lakini usiibebe kanuni hiyo hadi kwenye ukanushi: "no siento que estés enfadado" kwa kawaida ni sihisi kwamba umekasirika, maana hapo subjuntivo imeitwa na "no". Ukitaka masikitiko yasiyo na utata, achana na "sentir", sema "lamento que estés enfadado".