Printa yako haipimi tona, inakisia

Ujumbe wa "tona imekaribia kwisha" ukitokea, karibu kila ofisi ina mtu wake wa kuuzima. Anafungua mlango wa mbele, anachomoa katriji, anaitikisa kushoto na kulia kama anayebembeleza mtoto, anairudisha, na mashine inaendelea kuchapa siku kadhaa kana kwamba hakuna kilichosemwa. Kazi yangu ni kubuni vifaa vya kufuatilia hali ya printa, na kwa muda mrefu mtu huyo aliniudhi. Kila alipofanikiwa, kifaa changu kilionekana kimesema uongo.

Nilimwelewa siku nilipokubali kwamba hakuna kitu ndani ya printa ya kawaida ya ofisini kinachojua kwa hakika tona imebaki kiasi gani. Asilimia unayoiona kwenye kioo ni makisio, mengine mazuri, mengine ya kubahatisha.

Tatizo linaanzia kwenye unga wenyewe. Tona si wino, ingawa wengi tunaiita hivyo. Ni chembe za plastiki zilizochanganywa na rangi, nta na viungo vya kushika chaji ya umeme, kila moja ikiwa na upana wa mikromita 5 hadi 10 hivi, nyembamba mara kadhaa kuliko unywele. Ukiitikisa inajaa hewa na kutiririka kama maji. Ukiiacha siku mbili tatu inashikamana, inajenga kuta pembeni na kuacha pango katikati. Maji ya tangi ukijua kimo chake umejua ujazo wake, lakini tona haina usawa. Katriji mbili zenye gramu zilezile zinaweza kukupa vipimo viwili kwa sababu tu moja imetoka kubebwa ngazini na nyingine ilikuwa imelala mezani.

Chester Carlson, aliyevumbua njia ya kunakili kwa unga mkavu na chaji ya umeme, hakuwa na shida hii. Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walisugua kwa kitambaa bamba la zinki lililopakwa salfa ili lipate chaji, wakalimulika kwa mwanga, wakalinyunyizia unga wa mmea wa laikopodiamu, kisha Carlson akapuliza unga wa ziada kwa pumzi yake. Unga aliuona kwa macho. Hata baada ya mashine ya kudurufu ya Xerox 914 kuzinduliwa mwaka 1959, kujaza tona kulibaki kazi ya mikono. Mambo yalibadilika mwaka 1982, Canon ilipotoa mashine ndogo za kudurufu zilizofungia dramu (silinda inayobeba picha ya ukurasa), tona na sehemu za kusafishia ndani ya katriji moja ya kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Miaka miwili baadaye HP ikajenga LaserJet yake ya kwanza juu ya mtambo wa Canon wa aina hiyo. Ulikuwa ubunifu mkubwa sana, ila tangu hapo tona iko gizani, na sisi tunapapasa.

Papaso la kwanza ni la mwanga. Unaweka taa ndogo upande mmoja wa chumba cha tona na jicho la kupokea upande wa pili, kisha pala inayozunguka inafuta vidirisha kila inapopita. Tona ikipungua, mwanga unapita kwa muda mrefu zaidi katika kila mzunguko. Ni njia rahisi, lakini haisemi lolote mpaka tona iwe karibu kwisha, na kidirisha kikichafuka sensa inakuwa kipofu. Papaso jingine ni la umeme: bamba la chuma linawekwa karibu na rola inayobeba tona kwenda kwenye dramu, na kwa kuwa rola hiyo tayari ina umeme wake wa kufanyia kazi, bamba linapokea sehemu ndogo ya umeme huo, zaidi pakiwa na tona katikati, pungufu pakiwa na hewa. Katika mashine kubwa ambazo tona huchanganywa na chembe za chuma kuna koili inayopima usumaku wa mchanganyiko. Watu wengi hudhani koili hiyo inapima tona iliyobaki. Inapima uwiano tu, yaani tona ni kiasi gani ndani ya mchanganyiko, ili mashine ijue wakati wa kuongeza.

Njia niipendayo mimi ni ya pala yenye springi. Hebu fikiria unakoroga chungu kwa mwiko uliofungwa kwenye springi laini. Chungu kikijaa uji mzito, mkono wako unatangulia na mwiko unabaki nyuma. Kikiwa kitupu, vinakwenda pamoja. Ndani ya katriji, mhimili unazungushwa na mota kwa kasi ileile siku zote, pala inaning'inia kwa springi, na nje kuna kisahani chenye matundu kinachosomwa na sensa. Pembe ya kuchelewa kwa pala inakwambia imepita kwenye tona nyingi au kidogo. Haijali kidirisha kichafu. Ila ni kigeugeu: kila mzunguko una jibu lake, na tona iliyotoka kutikiswa inaifanya iseme katriji ni tupu kuliko ilivyo.

Halafu kuna njia isiyopima kitu chochote: kuhesabu nukta. Printa inajua leza imewaka mara ngapi, kwa hiyo inazidisha nukta kwa kiasi cha tona kinachokadiriwa kwa kila nukta. Zile namba za "kurasa elfu kadhaa" kwenye boksi nazo ni makadirio, yanayotoka kwenye majaribio. Kwa katriji nyeusi kuna kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19752, kilichotoka kwanza mwaka 2004, kinachotumia ukurasa maalumu wa majaribio uliofunikwa kwa takriban asilimia 5, tena kwa uchapaji wa mfululizo. Wewe huchapi hivyo. Anayechapa ukurasa mmoja, akanywa chai, akachapa mwingine, anamaliza tona mapema kuliko anayechapa mia kwa mkupuo, kwa sababu kila kazi ina mizunguko ya kuanzia na ya kumalizia, na katika mizunguko hiyo tona kidogo huishia kwenye taka bila kugusa karatasi. Hesabu ya nukta haiioni tona hiyo.

Kifaa changu cha kwanza chenye maana kilizaliwa hapo, kwa kuunganisha hesabu ya nukta na pala. Hesabu ya nukta ni sahihi kwa muda mfupi, lakini kosa lake linajilimbikiza ukurasa kwa ukurasa. Pala inayumbayumba kila mzunguko, lakini kosa lake la leo halirithi la jana. Ni kama msafiri anayehesabu hatua zake huku akiangalia mawe ya maili yaliyofunikwa na nyasi nusu. Hesabu za kuunganisha ushahidi wa namna hii Rudolf Kalman alishazichapisha mwaka 1960, nami sikugundua chochote upande huo. Kilichonichukua muda ni kuamua pala iaminiwe kiasi gani na lini. Jibu langu: isiaminiwe kabisa katika dakika za mwanzo baada ya mlango kufunguliwa, maana mlango ukifunguliwa huenda kuna mtu ametikisa.

Nilijivunia toleo la kwanza mpaka nikaonyesha asilimia yenye desimali moja. Katibu muhtasi wa ofisi niliyokuwa naijaribia aliitazama, akaniuliza, "Hii kumi nukta nne ni leo au ni Ijumaa?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo vifaa vyangu haviandiki asilimia. Vinaangalia ofisi imekuwa ikichapa kwa kasi gani, vinatoa siku zilizobaki, na siku hizo zinaandikwa kama pengo: siku 4 hadi 7. Mameneja wengine hawapendi pengo, wanataka namba moja. Nawaambia namba moja ninayo, ila ni ya uongo.

Kwa mwenye printa nyingi, kusoma hali zake kupitia mtandao si jambo geni. Kuna lugha ya pamoja ya printa iliyoandikwa mwaka 1995 katika waraka wa kiufundi wa mtandao uitwao RFC 1759 na kuandikwa upya mwaka 2004 kama RFC 3805. Unaiuliza mashine ujazo wa juu wa katriji na kiasi kilichobaki, unagawanya, umemaliza. Angalau hivyo ndivyo nilivyodhani. Sikusoma kwa makini kwamba namba hasi zina maana zake: -2 ni "sijui", na -3 ni "kipo kiasi fulani, ila siwezi kusema ni kiasi gani". Printa moja ikanijibu -3 kwa kilichobaki na -2 kwa ujazo wa juu. Programu yangu ikagawanya bila haya na kutangaza kwamba katriji ina tona asilimia 150. Nilichekwa, na ilistahili. Lakini niliipenda ile -3. Ndiyo namba yenye ukweli kuliko zote katika waraka wote ule.

Chipu za katriji, vile vipande vidogo vya elektroniki vinavyotunza hesabu ya tona, ni makisio yaliyogandishwa. Nyingi huhesabu kushuka tu. Ukijaza tona upya bila kubadili chipu, unga uko tele na kioo kinasema sifuri.

Upande wa matengenezo, mambo mengi yanajitangaza mapema kwa kuchelewa. Mfano mzuri ni rola ya kuvuta karatasi kutoka kwenye trei. Mpira wake unang'arishwa na kupakwa vumbi la karatasi mpaka unaanza kuteleza. Chukua karatasi inayotembea milimita 150 kwa sekunde, na sensa ya kwanza iko milimita 60 mbele. Inapaswa kufika baada ya milisekunde 400. Rola ikiteleza kwa asilimia 10 itafika kwenye 444. Mtumiaji haoni tofauti. Mashine inavumilia mpaka kikomo chake kipite, kisha inasimama na kuandika "karatasi imekwama". Fungua uangalie: mara nyingi karatasi haijakwama popote. Imechelewa tu.

Kwa hiyo nilitengeneza kibao kidogo cha elektroniki kinachosikiliza nyaya mbili, ule wa klachi ya rola na ule wa sensa, na kurekodi muda kati yao. Kosa langu lilikuwa kuangalia wastani. Wastani wa rola inayochoka hubaki mzuri kwa muda mrefu, kwa sababu karatasi tisa zinapita vizuri na ya kumi inateleza. Nikahamia kuangalia zile zinazochelewa kuliko zote katika kila mia, na hapo kifaa kikaanza kuona mbali. Kosa la pili lilikuwa kelele za bure kila mtu alipojaza karatasi nzito au zilizovuta unyevu. Sasa trei ikifunguliwa, kifaa kinanyamaza na kujifunza upya kabla ya kulalamika. Rola yenyewe ukiifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo unaweza kuipa maisha ya ziada, ila usiipake mafuta.

Fyuza, kile kitengo kinachoyeyusha tona kwenye karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, naifuatilia kwa mtindo uleule: inachukua sekunde ngapi kupata joto leo ikilinganishwa na ilipokuwa mpya. Hapo sikuhitaji ujanja mwingi.

Kuna ubunifu wangu mmoja ulioshindwa na kipande cha plastiki. Doa likijirudia ukurasani kwa umbali uleule, umbali huo ni mzingo wa kitu kinachozunguka. Dramu ya kipenyo cha milimita 24 inarudia doa kila milimita 75, ya 30 kila milimita 94. Niliandika programu ya kuskani ukurasa na kutafuta marudio hayo. Mafundi wa zamani wana rula yenye alama hizo tayari, wanaiweka juu ya karatasi na kutaja kifaa kibovu kabla skana yangu haijapata joto. Programu ile niliiacha. Nami natembea na rula. (Na tona ikimwagika usitumie kifyonza vumbi cha nyumbani. Unga unapita kwenye chujio lake na kurudi hewani, na unga mkavu laini karibu na mota yenye cheche si wa kuchezewa. Tumia kitambaa na maji baridi, kwa sababu maji ya moto huilainisha ikang'ang'ania.)

Turudi kwa mtu wa kutikisa. Hali anayoiponya ni ile ya pango: tona imejenga kuta, pala inazunguka kwenye uwazi na kuripoti utupu, ilhali hesabu ya nukta inasema unga bado upo wa kutosha. Kwa miaka niliona mgongano huo kama kero na kuulainisha kwa hesabu ili namba isiruke. Nilikuwa nafuta dalili. Toleo la sasa linauacha mgongano uonekane. Vipimo viwili vikipishana kwa namna hiyo, kioo hakiandiki "badilisha". Kinaandika "tikisa", na kifaa kinasubiri mlango ufunguliwe, ufungwe, na pala isomwe upya baada ya unga kutulia. Nimekiruhusu kiseme hivyo mara mbili kwa kila katriji. Pala ikiripoti utupu mara ya tatu, kifaa kinaacha kuziamini nukta, na kinamwambia mtu alete katriji mpya.