Diploma yako isilale sandukuni

Mwanamke mkimbizi wa Goma au Bukavu, mashariki mwa Kongo, akifika Nairobi, kazi ya kwanza anayoelekezwa na wenzake mara nyingi ni kuuza vitenge. Anachukua mzigo kwa mali kauli, anazunguka nao Kayole, Umoja na Kasarani nyumba kwa nyumba, jioni anampelekea mwenye mali pesa yake na kubaki na faida ndogo. Ni kazi ya heshima, na imelisha watoto wengi. Lakini mimi huwashauri wanawake wakimbizi kuhusu ajira, na kati ya wachuuzi hao nakutana na wauguzi, walimu na wahasibu ambao tangu wavuke mpaka hawajamwonyesha mtu vyeti vyao. Hilo linaniuma.

Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, na kufanya kazi ya taaluma yake ikiwa vyeti vyake vinatambuliwa na mamlaka za Kenya. Kibali chake cha kazi ni cha daraja M, na hakilipiwi. Kukipata ni subira, na waajiri wengi hawajawahi kukiona, kwa hiyo nenda kwenye usaili ukiwa na nakala ya sheria yenyewe.

Kinachowakwamisha wengi ni majina. Mkongomani ana jina la ukoo, jina la pili ambalo lilipata nguvu tangu Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, kisha jina la ubatizo, ambalo kwenye hati za Kongo huandikwa mwisho. Fomu za Kenya zinaanza na jina la kwanza. Karani akinakili kutoka kushoto kwenda kulia, jina la ubatizo linageuka la ukoo. Kitambulisho cha mkimbizi kinasoma hivi, laini ya simu vile, diploma vingine, na benki haiwezi kujua kuwa huyo ni mtu mmoja. Kwa hiyo siku ya usajili shika diploma mkononi, mwonyeshe karani mpangilio unaoutaka, na usome kila herufi kabla ya kuondoka. Kosa likishaingia, kulirekebisha ni safari ndefu, pamoja na kuapa mbele ya wakili.

Jambo la pili ni vyeti vyenyewe. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, mtu alisoma graduat, ngazi ya kwanza ya chuo, miaka mitatu, kisha licence, ngazi ya pili, miaka miwili. Ukipeleka cheti cha mwisho peke yake, msomaji wa Nairobi anaona miaka miwili tu ya chuo! Peleka vyote viwili, pamoja na alama za kila mwaka, vikiwa vimetafsiriwa na mtafsiri anayetambuliwa. Muuguzi aandike wazi kama ni A2, aliyesomea ngazi ya sekondari, au A1 wa graduat, kwa sababu tofauti hiyo ni kubwa na hapa wachache wanaijua. Ulinganishaji wa vyeti vya nje ni kazi ya KNQA, Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Baada ya hapo muuguzi anaenda Baraza la Wauguzi, lenye utaratibu wake kwa waliosomea nje.

Haya yote yana gharama, na vitenge ndivyo vinavyozilipa. Wengi wenu mna likelemba tayari, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Zamu yako moja ielekeze kwenye tafsiri na ada.

Kuna jambo jingine ninaloulizwa sana tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sheria inamruhusu mkimbizi wa nchi ya Jumuiya kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari ili aishi hapa kama raia mwingine wa Jumuiya. Wako ambao njia hiyo inawafaa. Lakini hadhi ya ukimbizi ndiyo inayokukinga usirudishwe kwa nguvu ulikokimbia, kwa hiyo, mama, keti na wakili kwanza kabla hujatia sahihi.