Bangi halali, miraa "haipimwi": porojo za madereva wa malori Marekani

Madereva wenzetu wanaoendesha malori Marekani wana kijiwe chao, nacho ni kundi la WhatsApp. Mtu akiuliza swali saa tano usiku akiwa Ohio, kabla hajamaliza kujaza dizeli ameshapata majibu kumi, na tisa ni ya uongo. Haya ni baadhi ya yanayosemwa humo kuhusu kupimwa dawa za kulevya na pombe.

"Jimbo langu limehalalisha bangi."
Colorado imehalalisha, California vilevile, na hilo halimsaidii mwenye CDL, yaani leseni ya kuendesha malori, hata chembe. Leseni hutolewa na jimbo, lakini kanuni za kupimwa ni za serikali ya shirikisho. Hata cheti cha daktari cha kutumia bangi kama dawa hakikubaliki. Wa mafuta ya CBD (yanayotokana na mmea wa bangi) naye asijitetee kwa maandishi ya kwenye chupa: THC, kilevi cha bangi, ikizidi kiwango kwenye mkojo, imekula kwake.

"Miraa haipimwi, kwa hiyo ruksa."
Nusu ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza. Kipimo cha lazima hutafuta makundi matano: bangi, kokeini, amfetamini, opioidi na PCP (dawa ya kulevya inayoleta maono). Kathinoni, kichangamshi kilicho ndani ya miraa, haimo. Lakini sheria ya Marekani imeiweka kathinoni kundi moja na heroini, na kanuni inamkataza dereva kuingia kazini akiwa anatumia chochote cha kundi hilo, kipimwe kisipimwe. Kibunda kilichofungwa kwa majani ya mgomba, ambacho kule Kenya, mjini Maua au Garissa, hakimshtui mtu, kikikutwa nyuma ya kiti ni kesi.

"Nimeshapimwa mwaka huu, zamu yangu imepita."
Hakuna zamu. Tangu 2020 vipimo vya kushtukiza vya dawa za kulevya lazima vifikie asilimia 50 ya nafasi za madereva kwa mwaka (awali ilikuwa 25), na vya pombe asilimia 10. Kila droo majina yote yanarudi kapuni. Mmoja ataitwa mara tatu, mwenzake asiitwe kabisa. Mwenye lori lake mwenyewe pia lazima ajiunge na kapu la pamoja, hawezi kujichagua.

"Nikiona pagumu, naondoka nirudi kesho."
Hili ndilo baya kuliko yote, maana huwaangusha hata wasiotumia kitu. Ukishaitwa kwa kipimo cha kushtukiza unakwenda papo hapo, na kuondoka kabla hakijaisha huhesabiwa kuwa umekataa. Kukataa ni sawa na kukutwa na dawa. Mkojo ukigoma, una saa tatu, na unaruhusiwa kunywa maji hadi kama lita 1.2. Kaa, kunywa, subiri.

Na chumba chenyewe kimeandaliwa kwa wajanja. Koti linabaki nje, mifuko inamwagwa mezani, maji ya chooni yametiwa rangi ya buluu. Kikombe kina kibandiko cha joto, kinachosomwa ndani ya dakika nne: chini ya nyuzi 32 au juu ya 38, unatoa mwingine papo hapo huku mtu wa jinsia yako akikutazama. Mkojo hugawanywa kwenye chupa mbili zinazofungwa mbele ya macho yako. Wengi hawajui kazi ya ile ya pili: daktari anayepitia majibu ya maabara akikuambia umekutwa na dawa, una saa 72 za kudai ipimwe kwenye maabara nyingine.

"Pombe mwisho ni 0.08."
Hiyo asilimia ya pombe kwenye damu ni ya gari dogo. Kwenye lori ni 0.04, na kuanzia 0.02 unasimamishwa saa 24. Saa nne kabla ya kazi, hata bia moja hairuhusiwi.

"Nitahamia kampuni nyingine."
Zamani labda. Tangu Januari 6, 2020 kuna daftari la kitaifa la makosa ya madereva ya dawa na pombe, Clearinghouse, ambalo kila mwajiri lazima alitazame kabla ya kukuajiri. Kosa hukaa humo miaka mitano, au zaidi usipomaliza utaratibu wa kurudi kazini: mtaalamu wa uraibu, kipimo cha kutazamwa, kisha vipimo vya kushtukiza visivyopungua sita katika miezi 12 ya kwanza. Kanuni haimlazimishi mwajiri kukulipia. Na tangu Novemba 18, 2024 jimbo lenyewe huishusha leseni ya aliyezuiwa. Anabaki na ruhusa ya gari dogo la kupeleka watoto shule.