Segmenti na orodha iliyochujwa: tofauti yake ni nini?

Ijumaa moja jioni nilituma meseji kwa wateja wa duka la vitenge ninalolifanyia kazi ya masoko. Ilisema hivi: "Miezi mitatu hatujakuona, karibu tena, tumekuwekea punguzo la asilimia 15." Haikupita nusu saa, mama mmoja akapiga simu dukani. Jana yake tu alikuwa amenunua doti mbili kwa bei kamili, akataka kujua kama manunuzi yake yaliandikwa popote. Yaliandikwa, na mfumo ulikuwa nayo. Kosa lilikuwa langu: nilichuja majina Jumatatu, nikayahifadhi kwenye faili la Excel, na Ijumaa nikatumia faili lile lile.

Orodha iliyochujwa ni majina. Unafungua kumbukumbu za wateja, unaweka vigezo (mji, tarehe ya manunuzi ya mwisho, aina ya bidhaa), mfumo unakutolea wanaolingana navyo, kisha unawahifadhi au unawanakili kwingine. Tangu dakika hiyo vigezo vyenyewe havifanyi kazi tena. Aliyenunua kesho yake hatoki, na aliyetimiza miezi mitatu kesho yake haingii.

Segmenti ni masharti. Unachohifadhi ni sentensi kama "kila mteja aliyewahi kununua na ambaye hajanunua kwa siku 90 zilizopita". Majina yanatokana na sentensi hiyo, na mfumo unaipima upya kila taarifa zinapobadilika, au pale unapotuma, kutegemea programu. Ningetumia segmenti, yule mama alipolipia doti zake Alhamisi angekuwa ametoka humo kabla sijashika simu yangu Ijumaa.

Kinachochanganya wengi ni kwamba mwanzo wa vyote viwili unafanana kabisa: skrini ile ile, vigezo vile vile, na siku ya kwanza hata idadi ya watu ni moja. Majina ya vitufe nayo hayasaidii. Chukua programu mbili za kutuma matangazo kwa wateja, Klaviyo na HubSpot. Klaviyo hutenganisha orodha na segmenti. HubSpot kwa miaka mingi iliviita vyote orodha, moja hai (inayojibadilisha yenyewe) na nyingine tuli (isiyobadilika). Kwa hiyo usiamini jina lililoandikwa kwenye kitufe. Uliza kama watu wataingia na kutoka wenyewe bila wewe kugusa kitu.

Swali hilo lina uzito zaidi pale kampeni inapojiendesha yenyewe. Mtu kuingia kwenye segmenti ni tukio ambalo mfumo unaweza kulisikia: leo ametimiza siku 90, meseji ya kwanza inaondoka, akinunua siku ya tatu, anatoka, na meseji ya pili haimfuati. Orodha uliyoichuja na kuihifadhi haina tukio la namna hiyo mpaka mtu aketi aichuje upya, na kwenye biashara ndogo mtu huyo ndiye pia anayefunga mzigo na kupokea simu.

Kuna mtego kwenye masharti yenyewe. "Hajanunua kwa siku 90 zilizopita" na "hajanunua tangu 1 Machi" zinaonekana sawa ukiziandika mwishoni mwa Mei. Ifikapo Desemba, ya pili inamaanisha miezi tisa, na meseji yako bado inasema mitatu. Ukitaka segmenti ibaki na maana yake, hesabu siku kurudi nyuma kutoka leo, usiifunge kwenye tarehe ya kalenda.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema orodha tuli imepitwa na wakati. Ukiwaahidi watu waliokuja kwenye maonyesho ya Jumamosi bei maalumu kwa mwezi mzima, wahifadhi kwenye orodha. Ahadi ilitolewa kwa watu wale, siku ile. Ukiwaweka kwenye segmenti ya "wasionunua bado", atakayenunua kitenge kimoja atatoka, na ofa uliyomwahidi itampotea kabla ya mwezi kwisha. Vivyo hivyo kumbukumbu ya nani alitumiwa nini: hiyo haitakiwi kubadilika hata kidogo.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha: wanaoomba wasitumiwe matangazo. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya moja kwa moja. Mfumo ukipokea "ONDOA" leo, segmenti yenye sharti la ridhaa inamtoa. Faili lililoko kwenye kompyuta ya mfanyakazi halina habari hiyo, na likipakiwa mwezi ujao kwenye huduma nyingine ya meseji, mtu yule yule atasumbuliwa tena.

Lakini segmenti inajua tu kile ilichoambiwa. Dukani kwetu mteja mmoja alikuwa watu wawili: namba yake imeandikwa kwa kuanza na 07 kwenye daftari la mauzo, na kwa kuanza na +2557 kwenye oda za mtandaoni. Nusu moja ya mtu huyo ilikuwa inanunua kila mwezi, nusu nyingine "tumeikosa" kwa mwaka mzima. Anayelipa taslimu bila kuandikwa naye huonekana amepotea, ingawa unamwona kila wiki.

Siku hizi kabla ya kuwasha kampeni yoyote ya "tumekukosa", nachukua risiti ya asubuhi hiyo, nasoma namba ya mteja, kisha naitafuta ndani ya segmenti. Nikiikuta bado imo, siigusi kampeni. Naenda kwanza kuangalia mauzo yanaingiaje kwenye mfumo, na kwa namba iliyoandikwa vipi.