Msimbo wa HS kwa vipuri vya elektroniki: maana yake na unavyopangwa

Msimbo wa HS (Harmonized System, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa) ni namba inayoitambulisha bidhaa forodhani. Tarakimu 6 za mwanzo hupangwa na Shirika la Forodha Duniani. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2. Namba hiyo ndiyo huamua ushuru, na mara nyingi ndiyo huonyesha kama mzigo unahitaji kibali.

Ankara iliyoandikwa "vipuri vya redio" haimsaidii mtu. Vipuri vingi vya elektroniki vina kifungu chake (tarakimu 4 za mwanzo) katika Sura ya 85, viende kwenye redio au mashine ya kufulia: kapasita 8532, rezista 8533, diodi na transista 8541, IC (chipu yenye saketi nzima ndani) 8542. Ndani ya kifungu, vipimo ndivyo vinavyogawa. Transista ya kawaida inayohimili chini ya wati 1 ni 8541.21, kuanzia wati 1 ni 8541.29. Kapasita ya elektroliti ya alumini ni 8532.22, ya seramiki yenye tabaka nyingi ni 8532.24. Kwa hiyo mpe wakala wa forodha karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Picha pekee haitoshi.

Bodi za saketi ndizo huchanganya zaidi. Bodi tupu ni 8534, lakini ikishachomelewa IC na kapasita hutoka hapo, na huainishwa kwa kazi inayofanya. Moduli ya Wi-Fi, kwa mfano, huangukia 8517.62, na hapo ndipo vibali huingia: kifaa kinachorusha mawimbi ya redio huhitaji kuidhinishwa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Rezista elfu kumi hazina shida hiyo, ila zikiwa shehena moja na moduli isiyoidhinishwa zinaweza kukwama nayo.

Angalia pia toleo la msimbo. Hadi 2021, LED (diodi zinazotoa mwanga) na paneli za sola zilikuwa pamoja katika 8541.40. Toleo la 2022 lilizitenganisha: LED 8541.41, seli za sola zisizounganishwa 8541.42, paneli 8541.43. (Balbu ya LED haimo humo kabisa, ni 8539.52.) Muuzaji akikuletea namba ya tarakimu 10 ya nchini kwake, linganisha 6 za mwanzo tu, kisha tafuta 2 zilizobaki kwenye kitabu cha ushuru cha Jumuiya.

Kama kifaa kina utata, omba uamuzi wa awali wa uainishaji TRA au KRA (mamlaka za mapato za Tanzania na Kenya) kabla ya kuagiza, ukiambatisha vipimo na maelezo ya kazi yake.